Upimaji wa Hulka na Uongozi Kazini: Uchambuzi kutoka Nyalenda, Kisumu

Upimaji wa hulka na uongozi kazini ni utaratibu wa kumpa mfanyakazi maswali, au kukusanya maoni ya wenzake, kisha kuyageuza majibu kuwa alama au maelezo yanayodai kuonyesha yeye ni mtu wa namna gani, anashirikianaje na wengine, na kama anafaa kukabidhiwa watu awaongoze. Hulka hapa ina maana ya mielekeo ya kudumu ya mtu katika kufikiri, kuhisi na kutenda, ile inayowawezesha wanaomfahamu kukisia atakavyofanya kabla hajafanya. Vipimo hivi hutumika kwa madhumuni mawili. La kwanza ni kuchagua, yaani kuamua nani aajiriwe, nani apandishwe cheo na nani aachwe; la pili ni kukuza, yaani kumsaidia aliyekwisha kuwa kazini ajifahamu na aongeze uwezo wake. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kuyachanganya madhumuni hayo mawili ndiko kunakozaa madhara mengi ya vipimo hivi, na kwamba madhara hayo huwa makubwa zaidi pale anayepimwa anapokuwa mnyonge mbele ya anayempima, kama ilivyo kwa wakazi wengi wa Nyalenda mjini Kisumu.

Nyalenda iko kusini mwa kitovu cha Kisumu, kati ya mji na Ziwa Victoria, nayo imegawanywa katika wadi mbili: Nyalenda A, iliyo katika eneo bunge la Kisumu Mashariki, na Nyalenda B, iliyo katika Kisumu ya Kati na inayofika hadi ufuo wa Dunga. Katika Kenya nzima zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wamo katika sekta isiyo rasmi, na mtaa huu ni kielelezo cha hali hiyo, kwa kuwa ndani yake wanaishi mafundi wa jua kali, waendesha bodaboda, wauza omena, vibarua wa ujenzi na wahudumu wa afya ya jamii, pamoja na makarani, walinzi na wauguzi wanaotoka alfajiri kwenda kazini mjini. Wengi wao hawana ofisi, wala meneja mmoja, wala idara ya wafanyakazi inayotunza faili zao. Vipimo vya hulka, kwa upande wake, vilibuniwa na watu waliochukulia kwamba vitu hivyo vyote vipo. Ndiyo maana Nyalenda ni mahali pazuri pa kuvijaribu: kipimo kinachodai kueleza hulka ya binadamu kinapaswa kumweleza pia fundi wa kuchomelea vyuma ambaye leo ni bosi wa vijana wawili na kesho ni kibarua wa mtu mwingine.

Asili ya vipimo hivi ni jeshi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mwanasaikolojia Mmarekani Robert Woodworth alitayarisha orodha ya maswali ya ndiyo au hapana ili kuwatambua askari ambao akili zao zingeshindwa kustahimili mishindo ya mizinga, na ingawa vita viliisha kabla orodha hiyo haijatumika kwa wingi, mtindo wake wa kumtaka mtu ajieleze kwa kujibu sentensi fupi ungali unatumika. Mwaka 1928 William Marston alichapisha kitabu kilichoigawa mienendo ya watu wa kawaida katika mitindo minne, na waliokuja baada yake wakakigeuza kuwa kipimo cha DISC ambacho leo huuzwa kwa makampuni duniani kote. Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wanasaikolojia kwa taaluma, walichukua nadharia ya Carl Jung ya mwaka 1921 wakaunda kipimo kinachowagawa watu katika aina 16, kikachapishwa mwaka 1962, nacho kimependwa sana na waendesha semina. Wanazuoni wa vyuo vikuu walishika njia nyingine. Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza na mwaka 1936 wakatoa orodha ya maneno karibu 18,000 yanayoeleza watu. Kazi ndefu ya kuyachuja na kuyapanga maneno ya aina hiyo ndiyo iliyozaa zile zinazoitwa sifa tano kuu, yaani upokeaji wa mambo mapya, uangalifu pamoja na bidii na kutimiza ahadi, uchangamfu mbele za watu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Katika mfumo huu mtu hawekwi kundini. Kila sifa hupimwa kwa viwango, na watu wengi huangukia karibu na katikati.

Mkenya ana sababu ya ziada ya kuvitazama vipimo vya akili na hulka kwa makini. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alichapisha Nairobi mtihani wa akili uliotungwa kwa ajili ya Waafrika, katika kipindi ambacho walowezi walibishana kama Mwafrika ana uwezo wa kunufaika na elimu ya juu. Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na ndani yake akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, iliyoyafanya mapambano ya ardhi na uhuru yaonekane kama ugonjwa wa akili za watu waliokwama kati ya maisha ya zamani na mapya. Waandishi hao wawili hawalingani kwa uzito wa madai yao, lakini enzi yao ilikuwa na kosa moja la msingi: ilipima hali ambayo mtu amewekwa ndani yake, kisha ikaiita hali hiyo asili yake. Kosa hilo halikwisha pamoja na ukoloni. Linaweza kurudiwa leo kwa nia njema kabisa, na mtaalamu Mwafrika, akiwapima Waafrika wenzake.

Kipimo chochote kinadaiwa mambo mawili. La kwanza ni uthabiti, maana yake kwamba mtu yule yule akipimwa tena baada ya wiki chache, apate matokeo yanayokaribiana na ya kwanza. La pili ni uhalali, maana yake kwamba kipimo kinapima kile kinachodai kupima, na kwamba matokeo yake yana uhusiano na kazi inayohusika. Kipimo cha aina 16 hujikwaa kwenye dai la kwanza, kwa sababu huwakata watu katikati, mahali hasa walipo wengi wao, na kwa hiyo badiliko dogo la majibu humtoa mtu aina moja na kumtia nyingine. Kwa nini basi watu wanaopewa matokeo yake huyafurahia na kusema yamewaeleza barabara? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ambayo kila mmoja aliambiwa yametungwa kwa ajili yake peke yake, ilhali wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale. Walipoulizwa yanawaeleza kwa kiasi gani, wastani wa alama walizotoa ulizidi 4 kati ya 5. Furaha ya washiriki mwishoni mwa semina, kwa hiyo, si ushahidi wa uhalali, na mwajiri anayenunua kipimo kwa sababu wafanyakazi wake walikipenda amenunua kitu asichokijua.

Sifa tano zina msingi imara zaidi. Murray Barrick na Michael Mount waliunganisha matokeo ya tafiti 117 mwaka 1991 wakaona kwamba uangalifu ndio sifa iliyohusiana na utendaji mzuri katika kila aina ya kazi waliyoichunguza. Hata hivyo uhusiano wenyewe ulikuwa wa takriban 0.2 katika kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili, na ukiugeuza kwa hesabu ya kawaida unaeleza chini ya sehemu moja kati ya 20 za tofauti zilizopo baina ya wafanyakazi. Zaidi ya sehemu 19 zinabaki kwa mambo mengine: ujuzi, vifaa, afya, mshahara, msimamizi, na bahati. Kuhusu uongozi, uchunguzi mkubwa wa Timothy Judge na wenzake wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba uchangamfu ndiyo sifa iliyohusiana zaidi na uongozi, lakini ulihusiana kwa nguvu zaidi na mtu kutambuliwa na wengine kuwa kiongozi kuliko kuongoza kwake vizuri. Tofauti hiyo inastahili kuzingatiwa na kila anayeandaa uchaguzi wa viongozi wa kikundi. Katika baraza lolote msemaji hodari huonekana mapema na kupigiwa kura ya mwenyekiti, ilhali yule anayeandika daftari kwa usahihi, anayekumbuka nani ametoa na nani amekopa, na anayemfuata mdaiwa bila kumwaibisha, huenda asinyanyue mkono hata mara moja. Kipimo kinachotukuza uchangamfu hurudia tu upendeleo ambao baraza linao tayari.

Ushahidi wenye uzito mkubwa zaidi kwa mada hii umetoka magharibi mwa Kenya kwenyewe. Wanauchumi Rachid Laajaj na Karen Macours waliwapa wakulima zaidi ya 900 wa eneo hilo vipimo vya namna tatu, yaani vya uwezo wa akili, vya ujuzi wa kilimo na vya hulka, na baada ya wiki tatu wakawauliza tena maswali yale yale, kisha kwa misimu minne wakafuatilia kilimo chao ili waone majibu hayo yalitabiri nini. Vipimo vya uwezo wa akili vilisimama imara. Vya ujuzi wa kilimo viliyumba sana, jambo linaloshangaza kwa watu wanaoishi kwa kilimo. Katika vipimo vya hulka tatizo lilikuwa la ndani zaidi, kwa kuwa majibu ya maswali mbalimbali yalifuatana kwa sehemu kwa sababu ya desturi ya mtu ya kujibu na namna swali lilivyotungwa, na kwa hiyo sifa iliyokuwa ikitafutwa ilifunikwa. Mfano wa desturi hiyo ni mwelekeo wa kukubali: mtu akiambiwa kwamba yeye hukamilisha kila kazi aliyoianza, hukubali, na maswali machache baadaye akiambiwa kwamba yeye huacha kazi nyingi njiani, hukubali pia. Katika makala waliyochapisha na wenzao mwaka 2019, watafiti hao walichambua majibu ya watu 94,751 wa nchi 23 za kipato cha chini na cha kati waliohojiwa ana kwa ana, wakakuta kwamba maswali yaliyozoeleka hayakuzionyesha sifa tano kama yanavyozionyesha katika nchi tajiri, ilhali watu wa nchi hizo hizo waliojibu kwa hiari yao kupitia intaneti walitoa majibu yaliyokaribia zaidi mpangilio unaotarajiwa.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo yenye fundisho kubwa. Anayejibu kwa intaneti kwa hiari yake mara nyingi ni kijana aliyesoma, anayejiuliza mwenyewe maswali kuhusu nafsi yake na asiyeogopa matokeo. Anayehojiwa nyumbani kwake ana mgeni mbele yake, na mgeni huyo amekuja na karatasi au kishikwambi, anatoka mahali penye mamlaka, na huenda amefungamana na mkopo, mafunzo au msaada ambao bado haujatangazwa. Kumpinga mgeni wa namna hiyo ni kukosa adabu, na pengine ni kukosa nafasi. Anayekubali kila sentensi katika mazingira hayo hajashindwa kuielewa hojaji. Amelijibu swali alilolisikia kweli, ambalo ni kama yeye ni mtu wa kushirikiana na waliomjia. Mpimaji akichukua majibu hayo na kuyaandika kuwa hulka yake, amerudia kosa la enzi ya Carothers kwa zana mpya.

Mambo haya yamekwisha kutoka katika majarida na kuingia mitaani. Mwaka 2025 mradi wa serikali wa NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliwapima vijana walioomba mtaji kwa mtihani wa mwelekeo wa ujasiriamali kabla ya kuwachagua 70 katika kila wadi, na mtaji uliotengewa kila mmoja ulikuwa Sh50,000. Kwa Nyalenda A na Nyalenda B zikijumlishwa hizo ni nafasi 140 katika mitaa ambamo vijana wasio na ajira ya kudumu ni wengi mno. Upo utetezi wa haki wa utaratibu kama huo: waombaji wakiwa wengi kupita nafasi, mtihani unaofanywa na wote ni afadhali kuliko orodha inayotungwa na mtu mwenye ndugu zake wa kuwatanguliza, na utetezi huo hauwezi kupuuzwa katika nchi inayojua upendeleo kwa majina yake yote. Hata hivyo mtihani wa mwelekeo una udhaifu ambao mtihani wa hesabu hauna. Kijana anayejua kwamba Sh50,000 zinategemea jibu lake hawezi kukiri kwamba huogopa kuthubutu, na kwa kuwa jibu linalotakiwa hukisiwa kwa urahisi na aliyesoma zaidi, kipimo huweza kuwapendelea wenye uzoefu wa mitihani huku kikidhaniwa kuwapendelea wenye moyo wa biashara. Matokeo yakitumika kupanga nani apewe mafunzo gani, makosa yake ni madogo na hurekebishika. Yakitumika kufunga mlango, aliyeachwa hurudi nyumbani akiamini kwamba amepimwa na kuonekana hana sifa, ilhali kilichopimwa ni ustadi wake wa kujibu.

Upande wa kukuza nao una hatari zake. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya mwaka 1996 matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kuwapa watu taarifa za utendaji wao, wakaona kwamba kwa wastani taarifa hizo husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matukio utendaji ulishuka baada ya kuzitoa. Maelezo yao ni kwamba taarifa inayomwelekeza mtu kwenye kazi humsaidia, na ile inayomwelekeza kwenye nafsi yake humfanya ashughulike kujitetea. Kumwambia muuguzi kwamba rekodi za zamu yake ya usiku hukosa saa za dawa ni kumpa jambo la kufanyia kazi. Kumwambia kwamba ana alama ya chini ya uangalifu ni kumpa jeraha. Utumishi wa umma wa Kenya umejenga mifumo mingi ya tathmini, kuanzia mikataba ya utendaji iliyoanza mwaka 2004 hadi tathmini ya walimu iliyoenezwa na Tume ya Huduma za Walimu mwaka 2016, na katika yote thamani ya zoezi huamuliwa na mazungumzo yanayofuata baada ya fomu kujazwa.

Tathmini ya pande zote, yaani ile inayokusanya maoni ya wakubwa, wenzi na walio chini ya kiongozi bila kutaja majina yao, ina ugumu wa pekee katika jamii ambamo watu wanajuana. Ufuo wa Dunga una kamati ya usimamizi wa ufuo ya aina iliyowekwa na kanuni za uvuvi za mwaka 2007, ambayo huchaguliwa na wanachama waliosajiliwa, wakiwemo wenye mashua, wavuvi na wafanyabiashara wa samaki. Mwenyekiti wa kamati kama hiyo akipewa karatasi isemayo kwamba mmoja wa wanawake wanaonunua samaki humwona mkali, hatachukua muda kumjua aliyesema, na aliyesema anategemea ufuo huo huo kwa riziki ya kesho. Usiri unaowezekana katika kampuni ya watu 3,000 hauwezekani kati ya watu 30. Jamii za pwani ya ziwa zina njia nyingine za kumwambia kiongozi ukweli, zikiwemo kumpitishia mzee anayemheshimu na kulisema jambo mbele ya kikao bila kumtaja aliyelitenda, na mtaalamu wa uongozi anayefanya kazi Kisumu angefanya vyema kuzijifunza kabla ya kuleta fomu.

Je, uongozi wa Nyalenda unaweza kupimwaje bila kuingia katika hulka? Jibu moja limekuwapo mtaani tangu katikati ya miaka ya 2000, nalo halikuletwa na wanasaikolojia. Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, ilikuwa ikipoteza maji mengi Nyalenda kwa uvujaji na maunganisho haramu, na bili zilikuwa ngumu kukusanya. Ilianzisha mfumo wa kugatua usimamizi, ambapo bomba kubwa hupitishwa mtaani na sehemu yake hukabidhiwa kwa mkataba mwendeshaji mkuu, mara nyingi kikundi cha wenyeji, anayenunua maji kwa jumla kupitia mita moja na kuyauza kwa nyumba na vibanda vilivyounganishwa kwenye sehemu yake. Tofauti kati ya maji yaliyopita kwenye mita kubwa na maji yaliyolipiwa na wateja ndiyo kipimo cha uongozi wake. Ikiwa bomba linavuja na halikurekebishwa, tofauti inakua. Ikiwa ndugu wa mweka hazina anapewa maji bure, tofauti inakua. Ikiwa wateja wamenung'unika wakarudi kwenye maji ya visima vifupi, mauzo yanashuka.

Hakuna hojaji inayoweza kumdanganya msomaji wa mita hizo. Kipimo hiki kina mipaka yake, maana ukame, hitilafu za umeme katika kituo cha kusukuma maji au ujenzi wa barabara unaokata mabomba vinaweza kumwadhibu mwendeshaji asiye na kosa, na kwa hiyo kinahitaji mtu wa kukisoma kwa haki. Lakini kina mambo matatu ambayo vipimo vya hulka hukosa: kinaonekana na pande zote mbili za mkataba, kinatokana na matendo ya miezi mingi badala ya majibu ya nusu saa, na kinamwambia kiongozi afanye nini kesho asubuhi. Wanaotoa mafunzo ya uongozi kwa vyama, vikundi vya akina mama na mafundi wa jua kali wangeweza kuanzia hapo, kwa kuuliza ni wapi katika kazi ya kila kikundi pana mita ya namna hiyo, iwe ni daftari la mikopo, siku za kuchelewa kukabidhi kazi, au idadi ya wateja waliorudi.

Tafiti za biashara ndogo barani Afrika zinaelekea upande huo huo. Mjini Lomé, Togo, Francisco Campos, Michael Frese na wenzao waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu: kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara kama hesabu na masoko, la pili lilipewa mafunzo ya kujituma, yaani kujifunza kwa vitendo namna ya kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele na kuendelea licha ya vikwazo, na la tatu halikupewa kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba faida ya waliofundishwa kujituma iliongezeka kwa asilimia 30, ilhali ongezeko la asilimia 11 kwa waliopata mafunzo ya kawaida lilikuwa dogo mno kitakwimu kuthibitishwa. Mafunzo ya namna hiyo yalikuwa yamejaribiwa awali mjini Kampala pia. Jambo la kuzingatia ni kwamba kujituma, ambako vipimo vingi hukuchukulia kama sehemu ya hulka ambayo mtu anayo au hana, kulifundishwa darasani na kukaonekana katika daftari la faida. Kama hali ni hiyo, kumpima kijana wa Nyalenda na kumwacha nje kwa kuwa hajitumi ni sawa na kumnyima darasa kwa sababu hajasoma.

Sheria za Kenya zinampa anayepimwa nguvu zaidi ya anavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuelezwa data zake zitatumiwa kwa jambo gani, haki ya kuziona na kutaka zisahihishwe, na haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na kompyuta peke yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi, na inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utendaji hafifu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kifungu hicho cha lugha kina uzito kwa mada hii, kwa sababu ni vigumu kuona jinsi alama inayotokana na hojaji ya Kiingereza ilivyoweza kueleweka na mlinzi ambaye mazungumzo yake ya ndani ni ya Kijaluo na Kiswahili. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya usawa katika ajira ya mwaka 1998 inapiga marufuku vipimo vya kisaikolojia kazini isipokuwa vimethibitishwa kisayansi kuwa halali na thabiti, vinaweza kutumika kwa haki kwa wafanyakazi wote, na havielemei upande wowote. Huko mzigo wa uthibitisho hubebeshwa mwenye kipimo. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayosajili wataalamu, na hatua inayofaa kufuata ni kuwabebesha wauzaji wa vipimo mzigo huo huo.

Afrika Kusini inafaa kuigwa pia katika njia ya kuunda vipimo. Watafiti wa huko waliwahoji watu 1,216 kutoka katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi, wakawaomba wawaeleze watu wanaowafahamu kwa maneno yao wenyewe, kisha wakajenga kipimo cha hulka kutokana na maelezo hayo. Mambo yanayohusu mahusiano, kama moyo wa huruma, kuelewana na kuwasaidia wengine waendelee, yalichukua nafasi kubwa kuliko ile yanayopewa katika sifa tano zilizochujwa kutoka kamusi ya Kiingereza. Kwa mwambao wa Ziwa Victoria kazi kama hiyo inawezekana bila gharama kubwa, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Maseno kiko karibu na wanafunzi wake wengi wanazungumza lugha za eneo hili. Ingeanza kwa kuwauliza waendeshaji wa maji, wahudumu wa afya, wavuvi na mafundi wawaeleze viongozi waliofanya nao kazi vizuri na waliowashinda, kwa Kijaluo au kwa Kiswahili, na anayeuliza asiwe na mkopo wala nafasi ya kugawa. Maswali yatakayotokana nayo yajaribiwe kwa watu wale wale mara mbili, yakilinganishwa na mita na madaftari, na yale yasiyotabiri chochote yatupwe hata kama yanapendeza. Katika kipindi chote cha majaribio matokeo yakabidhiwe mfanyakazi mwenyewe, naye aamue kama atamwonyesha mwajiri.